Mahubiri Yaliyofunga Mvua

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, shikamooni. Vijana, ninyi ndio mnaonisalimu mimi, msisahau kwa sababu tu nimesimama mbele. Marahaba, marahaba. Mwenyekiti wenu ameniomba niseme kwa kifupi. Yeye ni mgeni hapa, bado hajanijua, tumsamehe.

Nimeitwa nitoe ushuhuda kwa sababu kijana wetu atasimama mimbarini Jumapili ijayo kwa mara ya kwanza, na mpaka leo hajui ahubiri juu ya nini. Nasikia usiku halali. Nasikia hata ugali unamgomea kooni. Mama yake alinifuata nyumbani akaniambia, "Baba, zungumza naye, wewe yalishakukuta." Ni kweli, yalinikuta. Mahubiri yangu ya kwanza yalitaka kumnyima mama yangu chakula cha mwaka mzima, na leo nitayasimulia yote bila kumtaja mtu jina. Wenyewe mpo. Wengine mmeanza kuinamisha vichwa na wala sijafika popote.

Zamani hizo Mwingereza alikuwa ameshakizoea kiti chake pale Tabora mjini, na vita vya pili vilikuwa bado. Kanisa letu lilikuwa la udongo na nyasi, kando ya ile njia ya zamani ya wapagazi. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi kutoka shule ya misheni, nina kaptula ya kaki, nina viatu, na nina maneno mengi. Baba alikuwa ameshafariki. Nyumbani tulikuwa wawili, mama na mimi, na shamba letu la mtama na karanga kule bondeni.

Mwalimu wa kanisa aliniita akaniambia, "Jumapili utahubiri wewe. Neno chagua mwenyewe." Kumbe nikirudi nyumbani habari imeshanitangulia, na kila mtu ameshanichagulia! Mama akasema nihubiri upendo. Mjomba akasema nihubiri juu ya vijana wanaowajibu wajomba zao, na mnajua alikuwa anamsema nani. Babu yangu, ambaye kanisani alikuwa haingii, na kwetu babu na mjukuu ni watani, akaniambia, "Wewe hubiri tu kwamba pombe ya babu si dhambi. Kanisa litajaa mpaka nje, hata mimi nitakuja."

Niliwacheka wote. Upendo! Nani asiyejua upendo? Mimi nilitaka neno la kutikisa kuta. Nilitaka watu watoke pale wakisema, huyu kijana kweli amesoma.

Sasa sikilizeni nilivyochagua. Ulikuwa ule mwezi wa mwisho wa kiangazi. Mashamba yameshasafishwa, majembe yameshatiwa mipini, na kila anayetoka nje asubuhi anatazama kwanza mawingu ndipo amsalimu jirani. Nikasema, neno la majira haya ni mvua. Nikatafuta, nikampata yule nabii aliyemwendea mfalme mbaya akamwambia kwamba mvua haitanyesha wala umande hautaanguka mpaka yeye atakaposema. Lo! Nilifurahi kana kwamba nimeyatunga mwenyewe. Mwishoni mwa habari ile mvua inanyesha, na huko nilipanga kufika.

Wazee mmeguna. Mmegunaje vizuri! Mnajua kwamba katika nchi hii, mwezi ule, maneno ya kufunga mvua hayasemwi hata kwa mzaha. Awe Mkristo, awe Mwislamu, awe mtu wa mizimu, hayasemi. Na mimi nilijua. Nilizaliwa hapa hapa. Lakini nilikuwa nimesoma, nikajiambia hizo ni hofu za wazee. Mwalimu angenizuia, lakini yeye alikuwa mtu wa Unyakyusa, na kwao mvua haina likizo. Nilipomweleza neno langu alisema, "Zuri sana, lina nguvu."

Nilikwenda porini kufanya mazoezi, nikaihubiria mizinga ya nyuki ya babu. Nyuki hawakulalamika.

Jumapili ikafika. Ndugu zangu, nawaambia, siku ile wingu lilikuwa limesimama upande wa mashariki, zito, jeusi, wingu ambalo watu walikuwa wamelisubiri. Watu waliingia kanisani wakitabasamu. Nikapanda mimbarini. Sauti yangu ilikuwa nzuri, jamani, acheni niseme ukweli. Nilipofika pale pa nabii nikanyoosha kidole kwenye paa nikapaza sauti: hakuna mvua! Hakuna umande! Mpaka niseme mimi!

Akina mama wakapiga kelele, kila mmoja akimlilia mama yake, "Mayu! Mayu wane!" Mmoja akamziba mtoto wake masikio. Na mimi, mjinga, nikadhani wameguswa na Roho. Nikaona, hapa hapa ndipo penye utamu, nikiongeza neno nitaharibu. Nikasema Amina, nikashuka, nikakaa.

Sikumaliza habari. Mvua ya mwisho wa habari sikuitaja kabisa.

Tulipotoka nje upepo ulikuwa umevuma. Lile wingu halikuwepo. Mbingu ilikuwa nyeupe mpaka Urambo. Watu walitazama juu, kisha wakanitazama mimi. Hata mimi nilitazama juu, nikasema moyoni, Bwana, na wewe ulikuwa unasikiliza?

Kicheko chenu nakipokea, lakini wakati ule hakuna aliyecheka. Mvua ilikawia. Ikaja kunyesha vijiji vya jirani na kwetu ikaruka, na hilo ndilo lililonimaliza. Watoto wakaanza kuniita Mfunga-Mvua. Nikifika kisimani, mazungumzo yanakatika. Nikimsalimu mtu asubuhi, "Mwangaluka," anaitikia huku ameshanipa mgongo. Mwalimu alijitahidi kuwaeleza, wakamwambia kwa heshima kwamba yeye ni mgeni.

Hatimaye mvua ya kwanza ikanyesha, ndogo, ya kulainisha ardhi tu. Nikasema, haya, yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Mnajua jinsi tunavyolima hapa kwa ujima: kundi linakwenda na ngoma yake, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mwenye shamba anapika, na matuta yanainuka huku watu wanaimba. Mjane anategemea hilo. Mama yangu alikuwa ameshatwanga unga, ameshapika togwa, ameshafagia uwanja. Zamu yetu ilipofika, kundi likaja na ngoma. Walipofika mpakani mwa shamba letu, ngoma ikanyamaza. Wakapita kimya, wakaenda kwa jirani. Huko ngoma ikaanza tena.

Nilikuja kuambiwa sababu. Walisema jembe litakalogusa shamba la mfunga mvua litaifukuza hata hiyo mvua kidogo.

Mama alisimama na kibuyu chake cha togwa mkononi mpaka ngoma ilipoanza kule kwa jirani. Kisha akaingia ndani, akatoka na majembe mawili. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Tulilima, yeye na mimi, na bonde lile mnalijua, udongo wake ni mzito. Yeye alikuwa na maumivu ya mgongo tangu zamani. Ilipofika saa za jua kali nilimwona ameketi juu ya tuta, ameshikilia kiuno, na sehemu tuliyolima ilikuwa ndogo mno ukiilinganisha na iliyobaki. Niliona wazi kwamba mvua kubwa ingetukuta na shamba bado, na kwamba mama yangu angekuwa na njaa kwa ajili ya mdomo wangu. Nililia, ndugu zangu. Pale pale shambani, na kaptula yangu ya kaki.

Akaniambia, "Mwanangu, ulihubiri vizuri. Ila ulituacha kwenye ukame ukaenda kukaa."

Sasa sogeeni, maana hapa ndipo Mungu alipomtuma mtu wake, na alimtuma mtu ambaye hata mlango wa kanisa letu hakuwa anaujua. Palikuwa na Mgogo mmoja hapa kijijini. Alikuja zamani akiswaga ng'ombe wa kuuza, akaoa kwetu, akabaki. Sisi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo ya pembe na kuombana maji. Mtani, vijana, anaweza kukufanyia jambo ambalo ndugu yako hathubutu, na huna ruhusa ya kukasirika.

Siku ya pili yake tunalima, nikasikia tu nimekamatwa kiuno. Mgogo! Ana kamba ya kufungia ndama. Akanifunga mikono, akanikokota mpaka njiani ambako kundi lilikuwa linapita kwenda shamba la mtu mwingine, akaniketisha katikati ya njia, akakaa kando yangu akatoa ugoro.

"Wanyamwezi!" akapaza sauti. "Nimemkamata mwizi! Miaka yote hii kwetu Ugogo tunakufa kwa jua, tunauliza mvua yetu imekwenda wapi, kumbe imefungwa na kitoto chenu hiki! Mnatudai nini?"

Kundi likasimama. Mpiga ngoma, alikuwa mtu mkubwa, mkali, akasema, "Mtani, tupishe, tuna kazi."

"Sipishi. Huyu ni mateka wangu, nampeleka Ugogo akatufungulie. Mnamtaka? Mkomboeni."

"Kwa nini tumkomboe?"

"Hamtaki? Basi nikifika kwetu nitasema Wanyamwezi, watu waliobeba mizigo ya dunia nzima mpaka pwani, wamekimbizwa na shamba la mjane. Wamelitazama, wakaogopa, wakapita na ngoma kwapani."

Mimi nimeketi vumbini na mikono yangu imefungwa, sijui nicheke au nilie. Mgogo akavuta ugoro wake taratibu, akapiga chafya, akasema, "Tena ngoma yenyewe kubwa hivyo."

Yule mpiga ngoma alijaribu kujizuia. Nilimwona mashavu yanavyocheza. Kisha kicheko kikamtoka, akacheka mpaka akaiweka ngoma chini, na kundi zima likapasuka. Tangu Jumapili ile nilikuwa sijasikia mtu wa kijiji kile akicheka mbele yangu. Nawaambia, nilisikia kitu kimenitoka kifuani.

"Unataka nini, we mla ukwaju?" akauliza.

"Shamba la mama yake lote, leo, na mimi nipewe kuku."

"Kuku hupati!"

Wakaingia shambani. Mama alikuwa hana kitu alichopika siku ile, alikimbia huku na huku akiomba chumvi kwa majirani, na majirani wakampa, wakaja na vyungu vyao wenyewe. Matuta yaliinuka mpaka jioni. Mimi nilifunguliwa kamba nikapewa jembe, nikawekwa kati ya mpiga ngoma na Mgogo, nikalima mpaka viganja vikatoka malengelenge, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niipime kwa kitu gani. Kuku, Mgogo alimpata. Alimchukua mwenyewe kwenye banda la mpiga ngoma wakati wenzake wanakula.

Wazee wa kanisa walikaa, wakakubali nisimame tena. Mwalimu, safari hii, akasema neno nisichague mwenyewe. Nikaenda kumwuliza mama. Akasema, "Malizia lile." Basi nikasimama, bila viatu, nikawaeleza juu ya nabii yule yule: kwamba wakati wa ukame hakuketi akastarehe, na yeye alihisi njaa, na Mungu alimpeleka nyumbani kwa mjane maskini mwenye unga kidogo akamlisha. Nilipofika kwa mjane, watu wote waligeuka wakamtazama mama yangu. Nikamalizia na mvua, kwa haraka, kwa sababu nilikuwa siwezi tena.

Hapana, siku ile haikunyesha. Ilinyesha baadaye, ilipotaka yenyewe.

Mwaka ule mama alivuna. Mtama wa kwanza aliusaga, akapika, akawaalika majirani wote, na aliowapa kwanza ni wale waliopita na ngoma yao siku ile. Aliwanawisha mikono mmoja mmoja kwa maji ya vuguvugu, akawauliza habari za watoto wao. Mtu mmoja alirudisha tonge sahanini. Mama akamwambia, "Kula baba, ulilima." Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika mtungi, nikaona kwamba lile neno la upendo alilotaka nihubiri tangu mwanzo, alikuwa ameamua kulihubiri mwenyewe.

Ahsante, mama, huko uliko kwa Bwana. Ahsanteni ninyi mliolima, mliopita na mliorudi, maana wote mlirudi. Ahsante, mtani wangu Mgogo, uliyekufa bila kunirudishia jembe langu. Ahsante Mungu, uliyenivumilia.

Na wewe kijana, uliyekaa hapo nyuma ukidhani sikuoni. Maandiko ni mengi na yote ni mazuri, hata lile langu lilikuwa zuri. Kesho njoo nyumbani, nitakusaidia kuchagua. Lakini usije ukaniuliza uhubiri nini. Kwanza zunguka kijijini, kisha uje uniambie ni shamba la nani watu wamelipita.

Nawashukuruni. Mwenyekiti, ulisema kwa kifupi. Nimejitahidi.