Kusomea Ugonjwa Uliomkamata Baba

Wazazi wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu mnaouguza, poleni na safari. Najua wapo waliotoka Zombo kwa pikipiki, na wengine Lumuma wameondoka alfajiri. Mwenyekiti aliponiomba niseme leo alidhani nitafundisha, kwa kuwa mimi ni daktari. Nikamwambia hapana, leo niacheni niseme kama mtu aliyeuguza.

Wengi mnanifahamu, nafanya kazi hapa Kilosa. Zamani wagonjwa wa kansa wakija nilikuwa nawaandikia rufaa kwenda Dar, wanaondoka, na wengi wao sisikii habari zao tena. Jambo hilo lilininyima raha. Ndipo nikaomba masomo ya juu ya tiba ya saratani, yale ya madaktari walioko kazini. Huachi kazi yako. Mchana unahudumia wagonjwa, jioni unafungua kompyuta unafundishwa, na mara chache kwa mwaka unakwenda chuoni kujifunza wodini.

Kwetu ni wafugaji, uwandani upande wa Magole. Baba hakusoma, ila habari za masomo yangu alizitangaza kila mnada wa ng'ombe. "Mwanangu anasomea kansa," anawaambia watu. Wakawa wanaamini nikimaliza nitakuwa naitoa kansa kama mtu anavyotoa mwiba mguuni.

Basi, tulikuwa tumefika kwenye saratani ya umio, lile bomba linaloshusha chakula tumboni. Mdogo wangu akanipigia simu.

"Kaka, mzee hali ugali. Anasema unamkwama. Siku hizi ni maziwa tu, nayo anayanywa kwa shida."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua. Alitukataza tusikuambie. Alisema una masomo."

Ndugu zangu, nawaambia, mtu mwingine angejipa moyo, akasema labda ni vidonda vya tumbo. Mimi sikupata hata hiyo nafasi. Nilikuwa nimetoka kuyasoma maelezo yale yale.

Nilimpeleka Dar kwa treni ya umeme. Alikaa dirishani, akasema, "Treni hii inapita kwenye malisho ya watu bila kusalimia." Nikacheka. Wakampima kwa kamera, wakakata kinyama, wakapiga picha. Walionipa majibu ni walimu wangu wenyewe. Kansa ilikuwa imefika kwenye ini. Upasuaji usingemsaidia. Walisema wanaweza kumwekea kibomba ndani ya umio ili chakula kipite, na dawa za maumivu. Basi.

Baba aliniuliza, "Wamesemaje?" Nikamwambia tutarudi nyumbani kwanza. Habari ya kibomba sikuigusa.

Tukarudi, na ndugu wakaitisha kikao Mikumi, kwa baba mdogo mwenye duka. Baba alikuwa amelala chumba cha ndani. Baba mdogo hakupandisha sauti. Alisema, "Tulikusomesha kwa ng'ombe. Ugonjwa si ndio huu unaousomea? Basi mtibu."

Watu wazima wote waliokuwa pale wakanitazama, wakingoja niseme dawa. Nikainama.

Baada ya siku ile niliacha kufungua masomo. Kila somo nililofungua lilikuwa na baba ndani yake. Mtihani ukapita, sikuufanya. Nikikaa mezani, ugali nao unanikwama mimi, na koo langu ni zima. Mke wangu anaondoa sahani. Kazini nikiona mzee anayeshika kifua anapomeza mate, natoka nje kwanza, nashika ukuta, halafu narudi. Mwisho nikamtumia mwalimu wangu, mama mmoja kati ya wale walionipa majibu ya baba, ujumbe kwamba naacha masomo.

Yule mama akanipigia. Hakuuliza habari za mtihani.

"Mzee anaendeleaje?"

"Anakwisha, mwalimu."

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui."

"Na anataka nini?"

"Sijamuuliza."

"Kamuulize. Habari ya kuacha tutaizungumza ukirudi."

Nikaenda Magole. Nilimkuta amekaa penye zizi, ndama wanatolewa. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini kama ilivyo desturi yetu. Jinsi alivyokuwa amekonda, mkono ule sikuusikia uzito wake. Nikakaa chini. Nikamweleza kwa lugha ya nyumbani kwamba ni kansa, imeshatembea mwilini, na hakuna anayeweza kuitoa.

Aliwahesabu ng'ombe mpaka wote wakatoka.

"Hata wewe?"

"Hata mimi, baba."

"Kumbe ulikuwa na mzigo huu peke yako," akasema. "Mimi nilidhani umenikasirikia, maana hukuwa unanitazama."

Nililia mbele yake, mtu mzima mwenye watoto. Akaniacha nilie. Kisha nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka kumeza. Na asije akafia kwenye jengo la ghorofa katikati ya watu asiowajua. "Na baba yako mdogo nitaongea naye mimi."

Tukarudi Dar, wakamwekea kibomba. Akameza uji, akameza maziwa, akawaita wanawe akagawa mifugo kwa kinywa chake. Maumivu yalipokuja nilimpa morfini ya maji, nikipima kama nilivyofundishwa kwenye masomo yale yale niliyoyakimbia. Lakini sitawadanganya. Zilikuja siku maumivu yalikuwa makubwa kuliko dawa niliyokuwa nayo, na mvua imeharibu barabara. Siku hizo nilisimama nyuma ya zizi, na elimu yangu yote, nikamsikiliza akiguna. Alifariki asubuhi, nyumbani kwake, mama amemshika miguu.

Masomo nimeyarudia. Mtihani ule nilioukosa nimeufanya, nikashindwa; nitaufanya tena.

Namshukuru mwalimu yule. Namshukuru daktari mwenzangu aliyebeba zamu zangu hata akaugua mgongo. Namshukuru shemeji yangu, aliyekuwa anachuja uji wa mzee kila asubuhi kwa kitambaa safi. Na baba mdogo pia namshukuru. Baada ya mazishi aliniambia, "Nilikuwa naogopa, mwanangu." Nikamwambia hata mimi.

Nikiwaomba jambo, ni haya mawili. Mtu wenu akianza kukwamwa na chakula, msingoje mvua ipite, mleteni. Na mgonjwa aliye ndani ya nyumba yako, muulize anataka nini, wakati bado ana sauti ya kukujibu.

Namba yangu ya simu mnayo. Mkinipigia nitakuja, Zombo au Lumuma. Huenda nitafika na nisiwe na la kufanya. Nitakaa nanyi hivyo hivyo.

Asanteni kwa kunisikiliza.