Mwalimu Enesi Nzunda, Aliyepima Upya (1974–2025)

Taarifa rasmi ya Mradi wa Jicho Jema, iliyoletwa nyumbani juzi na Mratibu wake, Ndugu Gibson Simwinga, inaeleza kwamba katika eneo lote la mradi, kuanzia Tunduma hadi Galula, "kila mtoto mwenye mahitaji maalumu ameonekana, amepimwa na amefikiwa." Inaeleza pia kwamba marehemu alikuwa mtumishi mtulivu asiyekuwa na neno na mtu. Familia imeipokea taarifa hiyo kwa heshima zote na inaomba kuongeza machache.

Marehemu Mwalimu Enesi Nzunda alizaliwa Ihanda, wilayani Mbozi, tarehe 11 Agosti 1974, mtoto wa nne wa Mzee Yesaya Nzunda na mkewe Ruti, wakulima wa kahawa na mahindi. Alizaliwa wakati wa kuchuma kahawa, na mama yake alikuwa akisema mtoto huyu aliingia duniani akiwa amekunja uso, kana kwamba tayari kuna mtu aliyemkosea.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1982. Nyumbani alifundishwa kwamba mtoto akisemeshwa na mkubwa huinamisha macho, hungoja aulizwe mara ya pili, kisha hujibu kwa sauti ya chini. Alifanya hivyo hivyo shuleni, na kwa kuwa alikuwa bado hajui Kiswahili zaidi ya "shikamoo", mwalimu wake alimketisha mstari wa nyuma, ulioitwa mstari wa wazito. Alikaa huko mwaka mzima. Alipofaulu darasa la saba alimpelekea mwalimu huyo matokeo yake. Alipomaliza kidato cha nne alimpelekea tena. Alipopata cheti cha ualimu mwaka 1995, stashahada ya elimu maalumu mwaka 2003 na shahada mwaka 2011, kila mara alipeleka nakala kwa mkono, ingawa mwalimu alikuwa amekwisha kustaafu na anauza mbolea Mlowo. Mara ya mwisho mzee yule alimwambia kwa upole, "Enesi mwanangu, mimi nimeshaelewa."

"Najua, mwalimu," marehemu alimjibu. "Nataka uendelee kuelewa."

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1999 na Ndugu Edson Mwazembe, wakala wa forodha mpakani Tunduma. Walijaliwa watoto wawili, Anna na Lusubilo. Mumewe anasema kwamba kazi ya kubishana na madereva kutoka pande zote mbili za mpaka ilimwandaa vizuri kwa maisha ya ndoa, na kwamba katika miaka yote hiyo hakushinda hoja hata moja nyumbani. Alijifunza tu kuuliza mapema kama chakula kipo.

Marehemu alianza kufundisha Mlowo mwaka 1996, na mwaka 2017 aliazimwa na Mradi wa Jicho Jema, uliokuja kuwatambua watoto wenye ulemavu ili wapatiwe madarasa na shule zinazowafaa. Kipimo cha mradi kilikuwa kimetafsiriwa kutoka nchi ambako mtoto akimkazia macho babu yake husifiwa. Mtoto asiyemtazama mpimaji machoni alipoteza alama. Asiyejibu mara moja alipoteza nyingine. Mwenye sauti ya chini, nyingine tena. Mambo hayo matatu huku Mbozi huitwa malezi, lakini kwenye kipimo yaliitwa dalili. Hivyo ikawa kwamba darasa la kitengo, yaani la watoto wenye mahitaji maalumu, katika shule moja ya huku lilijaa watoto wa wazee wa kanisa.

Wakati huohuo alipimwa mtoto wa miaka sita, Rozi, yatima aliyelelewa na majirani. Rozi alipata alama zote. Alimtazama mpimaji bila kupepesa, akaitikia kwa kichwa kila alichoulizwa. Mratibu alimsifu hadharani kama mfano wa mtoto mchangamfu. Rozi alipelekwa darasa la kawaida, akarudia darasa la kwanza mara mbili, akichapwa kwa kiburi cha kutoitika akiitwa. Alikuwa akitazama midomo ya watu kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Rozi hasikii.

Marehemu hakupiga kelele. Alipima upya. Aliwaketisha watoto wapukuchue mahindi pamoja, macho ya kila mmoja yakiwa kwenye gunzi lake, na maswali yaleyale yakaulizwa kwa Kinyiha na mtoto mwenzao. Usikivu aliupima kwa kuangusha mfuniko wa sufuria nyuma ya mtoto na kuona nani amegeuka. Alifanya hivyo muhula mzima, akalinganisha na majibu ya kwanza. Kati ya watoto thelathini na wanne wa kitengo, kumi na tisa hawakuwa na tatizo lolote isipokuwa adabu. Na katika madarasa ya kawaida walikuwepo wanane ambao mfuniko ungeweza kuanguka mpaka jioni bila wao kugeuka.

Alipopeleka ripoti, Ndugu Gibson alimwambia kwamba takwimu zilikwisha kwenda juu, na takwimu zikishakwenda juu hazishuki.

"Kwa hiyo tuwashushe watoto?" aliuliza marehemu. Alitoka akiwa ametulia kabisa, na waliomfahamu walianza kumwonea Mratibu huruma.

Mwezi Machi 2019 ulifanyika mkutano mkubwa Vwawa wa kuwaonyesha wageni mafanikio ya mradi. Marehemu aliomba apewe dakika chache aonyeshe jinsi kipimo kinavyofanya kazi. Ili asichukue muda wa mtoto yeyote, alimwomba Mratibu mwenyewe akubali kupimwa, naye akakubali huku akicheka. Kisha marehemu akamwomba mwakilishi wa wazazi wa Ihanda aje kuuliza maswali. Mwakilishi huyo alikuwa Bibi Tabita, mama mkwe wa Ndugu Gibson.

Walio hapa wanajua mkwe hukaaje mbele ya mama mkwe wake. Bibi Tabita alimuuliza jina lake. Ndugu Gibson aliinamia vigae vya ukumbi. Akaulizwa tena. Alijibu kitu ambacho hata mwenye kipaza sauti hakukinasa.

Marehemu alisoma matokeo bila kutabasamu. "Macho, hapana. Kujibu mara moja, hapana. Sauti haikusikika. Ndugu Mratibu, kwa kipimo chetu wewe ni wa kitengo, na nafasi ipo."

"Usiogope, shemeji," alisema mtu fulani kutoka nyuma. "Uji wanatoa saa nne."

Bibi Tabita alikasirika. "Huyu si mgonjwa," alisema. "Huyu ana adabu."

"Ndivyo nilivyoandika, Bibi," marehemu alimwambia. "Ukurasa wa pili."

Muhula uliofuata, bila tangazo, watoto kumi na tisa walirudishwa madarasa yao. Muhula huohuo marehemu alihamishiwa kituo cha mradi Galula, kwa manufaa ya mradi. Alienda kwa pikipiki, na katika begi lake mlikuwa na mfuniko wa sufuria. Wale wanane hawakurekebishiwa. Nafasi ya shule ya viziwi hutolewa kwa mtoto aliyetambuliwa na mradi, na mradi ulikwisha kumtambua Rozi kuwa mchangamfu. Marehemu alimchukua akamlea nyumbani kwake Tunduma, alikorudi kila mwisho wa wiki, akajifunza lugha ya alama akiwa na miaka arobaini na tano, na kila Januari alituma maombi ya kumpima Rozi upya. Kila mwaka alijibiwa kwamba suala hilo limefungwa.

Figo zake zilianza kusumbua mwaka 2023. Alitibiwa Tunduma na baadaye Mbeya, ambako wauguzi walimhudumia vizuri, na familia inawashukuru. Mchungaji Jairo alimtembelea na kumsihi amsamehe Ndugu Gibson kabla ya safari.

"Nitamsamehe," alisema. "Arekebishe kwanza. Mimi nitangoja."

"Utangojea wapi, Mama Anna?" mumewe aliuliza.

"Popote nitakapokuwa. Nina subira."

Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 6 Mei 2025, Januari ya mwaka huo ikiwa imepita na jibu likiwa lilelile. Aliagiza mambo mawili tu kuhusu mazishi: asisifiwe kwamba hakuwa na neno na mtu, na Mratibu apewe kiti cha mbele, kando ya Rozi.

Marehemu ameacha mume, Ndugu Edson; watoto watatu, Anna, Lusubilo na Rozi; mjukuu mmoja, Angel; na watoto kumi na tisa, sasa vijana wakubwa, ambao wameketi upande wa kushoto wameinamisha macho. Mungu ampe Mwalimu Enesi pumziko jema, na subira yake isiharibike huko.

Majina ya watakaoweka udongo yataitwa kwa kipaza sauti. Ndugu Gibson anaombwa amguse Rozi begani zamu yake ikifika.