Mama Mbolea na Mfuko wa Langoni

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, tulioachiana ziwa, na nikikwama katikati ya karatasi hii naomba mnivumilie.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mbolea kwa ile ndoo ya samadi aliyopita nayo mtaani huku mkiziba pua, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi mwashi na mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, na Januari 1980 akaajiriwa jikoni katika shule hiyohiyo, akapika humo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2016. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na seremala, aliyetutangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto wawili, mmoja akafariki akiwa na miezi saba, wa pili ni huyu binti aliyeketi hapa mbele.

Machi 2017, aliposikia kwamba watoto aliowapikia zamani sasa ni wazazi wanaowalaza wanao na njaa, alitukusanya watu sita, tukafyeka kiwanja nyuma ya karakana iliyofungwa, tukapanda mchicha, nyanya na maharage. Akaweka sheria, kwamba mwenye shida atundike mfuko mtupu langoni, sisi tuujaze asubuhi za Jumanne na Ijumaa kisha tuondoke, asiulizwe mtu mfuko ni wa nani, na hata mkulima akihitaji atundike kama wenzake, asijichumie. Siku moja niliuliza, akanikemea mbele ya watu, sikuuliza tena.

Mwishoni mwa Mei mwaka huu, 2025, alituaga kwamba anakwenda kwa binti yake, kisha homa ikamshika, akampigia binti kuahirisha safari, basi sisi tukadhani yuko kwa mwanawe, na mwanawe akajua yuko kwetu. Jumanne tarehe 3 Juni nilijaza mifuko yote, na Ijumaa nikakuta mmoja haujachukuliwa, mboga zimeoza, nikazimwaga nikinung'unikia watu wasio na shukrani, nikaujaza upya, nikaenda zangu. Jumamosi binti alipiga simu kumuulizia mama yake, tukavunja mlango, tukamkuta sakafuni, na Jumapili tarehe 8, saa nne asubuhi, akafariki hospitalini kwa nimonia, mwili wake, daktari alisema, ulikuwa umedhoofika kwa kukosa chakula muda mrefu.

Juzi binti alipita langoni, akaona ule mfuko umefungwa kwa mkanda wa aproni ya marehemu baba yake. Nimekuwa nikiujaza kwa miaka miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi dakika ya mwisho, majirani mliovunja mlango pamoja nasi, na wapishi wenzake wa shule. Kuanzia Jumanne ijayo, mfuko ukibaki langoni tutauliza ni wa nani, na tutabisha hodi.

Dada, sheria yako nimeivunja, nimechelewa, nisamehe. Pumzika kwa amani.