Ufa Katika Picha ya Asmani

Wasikilizaji wapendwa, amahoro. Leo tunamkumbuka Asmani wa Kizuka, mpanda michikichi. Mimi ni Waziri, mtangazaji wenu, na leo naona haya hata kuishika maikrofoni hii.

Asmani alipanda michikichi miaka arobaini. Kamba kiunoni, panga begani, na huko juu anaimba. Alipofika miaka sitini, mkewe Mwamini akamkataza, akaificha kamba kwenye pipa la unga. Asmani aliitafuta wiki nzima, mwishowe akacheka mwenyewe. Akaacha kupanda.

Jumanne moja nilikwenda kwake. Nilitaka mikungu miwili ya chikichi kwa harusi ya binti yangu, na wapandaji wengine hawakuwapo. Nikamtania: "Mzee, siku hizi unaogopa muti?" Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Akaazima kamba, akapanda. Mikungu aliiangusha. Wakati wa kushuka akateleza, akaanguka, kisogo kikagonga mzizi. Akainuka, akajipangusa.

"Waziri, usimuambie Mwamini. Atanigombeza."

Nikaapa. Nikabeba mikungu yangu, nikaenda.

Alhamisi Asmani alikula ugali na ndagala, akajilaza mchana, hakuamka. Dada yake Chausiku akapiga kelele uani: "Kaka yangu amekula chakula ya huyu mwanamuke, akalala, basi! Amemulisha sumu!" Polisi wakampeleka Mwamini kasho, wakamfungia mahabusu. Nami nilikuwa pale uani. Nilijua alianguka. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nimeapa. Uongo, wasikilizaji. Niliogopa kuulizwa ni nani aliyempandisha.

Waendesha mashtaka wakataka mwili upasuliwe. Familia ikakataa katakata: maiti wetu hachanwi, na huzikwa siku ileile. Siku ya nne ndipo wakakubaliana apelekwe Bujumbura kwenye skana, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili bila kisu. Siku nne Asmani hajaoshwa, hajaswaliwa, kwa sababu yangu.

Daktari Jovita aliwaonyesha picha. "Mutazame hapa nyuma. Fuvu iko na ufa, damu imejaa juu ya ubongo. Sumu siwezi kuiona kwa picha, lakini kilichomuua nakiona. Huyu alianguka."

Chausiku akakaa chini, akalia.

Asmani alizikwa saa kumi alasiri. Karatasi ya kumtoa Mwamini ilisainiwa saa kumi na moja. Hakumuaga mumewe.

Jana nilikwenda anakokaa eda. Nikasimama nje ya pazia, nikamweleza yote. Mwamini akasema: "Umeniambia mimi peke yangu. Walioniita muuaji ni soko nzima. Uko na redio. Sema huko."

Chausiku na ukoo wote wa Asmani, poleni sana. Mungu amrehemu. Mwamini, kwako pole yangu ni ndogo mno, najua. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna jambo mnalijua na mtu anateseka kwa kimya chenu, zimeni redio sasa hivi, mwende mkaseme. Mimi nikitoka studio naenda kuandikisha maneno yangu.

Mwamini hakumlisha mumewe sumu. Narudia, kwa walio sokoni: Mwamini hakumlisha mumewe sumu. Aliyempandisha Asmani mtini, akamwona akianguka, akanyamaza, ni mimi, Waziri.