Cherehani kwa Magunia ya Unga

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la rejareja, pale kona ambapo Bi Kahawa hutua birika lake kila asubuhi. Wakaaji ni walewale: Profesa, ambaye digrii yake ni redio ya mfukoni, Bandari, aliyewahi kupakua meli msimu mmoja tu na tangu hapo hakuna asilolijua kuhusu forodha, Fundi, mshona nguo, mtu wa maneno machache, na mimi, niliyechoka nao lakini sina pengine pa kukaa. Tangu redio itangaze kwamba bidhaa za nje zitaongezewa ushuru, mtaa mzima unanunua unga kama watu wanaofukuzwa. Ushuru wenyewe haujaanza. Bei imeshaanza.

Profesa: Tulieni. Ushuru analipa yule wa nje anayetuletea. Sisi hautuhusu.

Bandari: Hautuhusu? Umenunua sukari leo wewe?

Bi Kahawa: Na kahawa yangu imepanda. Msije mkajifanya hamkusikia.

Profesa: Kahawa si inalimwa hapahapa, mama!

Bi Kahawa: Sukari je? Mkaa je? Au unywe bure kwa sababu una redio?

Bandari: Mimi nimekaa bandarini, nisikilizeni. Ngano ikitozwa, mkate unapanda. Mkate ukipanda, kinyozi naye anapandisha, maana anakula mkate. Mwisho hata ndevu zako ni bidhaa ya nje.

Profesa: Hilo dogo. Mwakani watatoza mpaka upepo. Si unatoka baharini?

Mimi: Wangetoza porojo, nyie mngeshafilisika.

Bandari: Cheka tu. Dawa ni kujaza ndani. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo wahi dukani!

Fundi: Mimi nimeshawahi.

Tukageuka wote. Hata Bi Kahawa aliacha kumimina.

Fundi: Chumba kimejaa. Magunia ya unga mpaka dirishani, madumu ya mafuta mvunguni. Watoto wanalala juu ya magunia.

Profesa: Mtaka cha mvunguni sharti ainame! Huyu ndiye mwanamume sasa.

Mimi: Fundi, hela za vyote hivyo umezitoa wapi?

Fundi: Nimeuza cherehani.

Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya chumba na ada za watoto. Hakuwa na nyingine. Nilisikia hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Bandari: Umefanya la maana. Cherehani inaliwa?

Fundi: Si nyie mlisema asiyenunua sasa atakula vumbi? Bei ilikuwa imeshapanda, nikanunua hivyohivyo, maana mlisema itapaa zaidi.

Profesa: Usijali. Akiba haiozi.

Fundi: Gunia la kwanza limeshaingia wadudu.

Profesa: Basi unga mzuri huo! Mdudu hali kitu kibaya.

Tukacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Tulikuwa bado tunacheka mke wa Fundi alipotokea, unga umemganda mikononi hadi viwikoni. Siku zote hupita mbali na kijiwe chetu. Leo alikuja mpaka mbele ya benchi.

Mke: Hamjambo, shemeji zangu. Sikuja kugombana. Baba watoto anasema nyie ndio mnaoyajua haya mambo ya ushuru.

Bandari: Karibu sana, shemeji! Uliza lolote.

Mke: Unga huu tutauchekecha, tutaula. Ukiisha, tutanunua mwingine kwa kazi gani?

Bandari aliinamia viatu vyake. Profesa aliongeza sauti ya redio, nayo ilikuwa inatangaza sabuni, akaizima. Bi Kahawa alikusanya vikombe, hata vile ambavyo bado vina kahawa. Yule mama hakuondoka. Alisimama palepale akingoja, na Fundi naye akatutazama mmoja mmoja, kwa imani ileile aliyokuwa nayo alipokwenda kuuza cherehani.