Kikapu cha Saumu

Mambo yaliharibika Jumatatu ile wakubwa wa soko, ambao hata jikoni hawaingii, walipofungulia mlango kitunguu saumu cha ng'ambo.

Leo ndani ya basi mchuuzi wa hicho cha ng'ambo alimcheka mkulima aliyepakata kikapu cha saumu ya kienyeji: "Mama, vidogo hivyo nani atanunua? Changu kimoja ni ngumi nzima!"

"Na hiyo ngumi inanukia, mwanangu?" Mama akaponda punje moja kwa kucha.

Harufu ikajaa basi zima. Kwangu mimi, kiti cha nyuma, ilikuwa kama marehemu mke wangu amebandika sufuria.

Mchuuzi akavua kofia. "Mama, niuzie mbegu."

"Mbegu ndiyo hii hii, yote. Nyumbani hakuna unga, naipeleka sokoni ikaliwe."

Basi likasimama. Mama akajitwika kikapu.

"Sasa ikishaliwa," mchuuzi akauliza, "mtapanda nini?"