Mzee Theonest Rweyongeza, Fundi wa Keko Aliyeitikia Sala na Wenzake

Marehemu Mzee Theonest Rweyongeza alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 katika kijiji cha Kanyigo, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Leonidas na Mama Paskazia. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea na akachelewa kusema, na alipoanza kusema, alisema polepole kama mtu anayepima maneno kwa futi.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, mwaka 1965 hadi 1971. Nafasi za sekondari wakati ule zilikuwa za kuhesabu, naye hakupata. Mwaka 1973 akaingia karakana ya misheni kujifunza useremala, akamaliza 1975. Mwalimu wake aliandika kwenye cheti: “Anachelewa kumaliza, ila kazi yake hairudiwi.” Cheti hicho kipo nyumbani mpaka leo.

Alikuja Dar es Salaam mwaka 1978, akafanya kazi chini ya mafundi wengine pale Keko, na mwaka 1984 akafungua banda lake mwenyewe. Wengi mliopo hapa mmelalia vitanda vyake, na mnajua mlivyovisubiri. Mteja mmoja alikuja akifoka, “Fundi, kitanda bado tu? Bibi harusi ameshafika!” Mzee hakuinua hata macho kwenye randa. “Mwambie akae. Kiti nimeshamaliza.”

Tarehe 27 Desemba 1986 alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Demetria, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1994 walihamia nyumba yao wenyewe Yombo Vituka, ndani ya jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ya familia kumi na nane. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunasali nyumba kwa nyumba, kwa zamu.

Hapa yapo ambayo yeye mwenyewe asingependa yafichwe. Mzee alisali kama alivyopiga randa. Wenzake wakishasema Amina, yeye bado yuko katikati. Jumamosi moja ya mwaka 2018, Ndugu Cyprian, fundi mwenzake wa Keko na mwenyekiti wa jumuiya, alimtania mbele ya watu: “Braza Theo, Mungu ameshafika Mbagala, wewe bado unapakia mzigo Keko!” Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Kuanzia siku hiyo hakukanyaga tena jumuiya. Mkewe akimsihi, jibu lilikuwa lilelile: “Mama Allen, Mungu ananisikia nikiwa chumbani kwangu. Kule mnakimbizana.” Zamu ya nyumba yake ikifika, aliwapokea wageni vizuri, akawapa mikono wote, kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Ikawa hivyo kwa miaka mitano.

Tarehe 9 Machi 2023 alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalegea na maneno yote yakampotea, likabaki moja tu: hapana. “Nikuletee uji?” “Hapana,” huku mkono wa kushoto umeshakamata kikombe. Mtu akicheka, naye alicheka, kisha machozi yakamlenga, maana akili ilikuwa timamu na alisikia kila kitu.

Sisi wa familia tukafanya kosa, tena kwa mapenzi. Tulisema mgonjwa apumzike, asichoshwe, tukawazuia watu. Kwa miezi mitano nyumba ile ilikuwa kimya. Mama Demetria hakuwa akiogopa kifo. Alisema wazi kwamba alichoogopa ni mumewe kwenda bila yeye kuisikia tena sauti yake. Aliyetufumbua macho ni jirani yetu, Bi. Mwanaheri, Mwislamu wa mtaani kwetu. Alimkuta Mama Demetria uani akifua shuka peke yake, akamwambia, “Mama Allen, mgonjwa hafichwi. Nyie mnamnyima watu huyo. Kwani hao wenzenu wa Jumamosi wamehama?”

Zamu ya nyumba yao ilikuwa imefika. Mama alimpelekea ujumbe Ndugu Cyprian, akasema, “Njooni, lakini sijui kama atawataka.” Cyprian akajibu, “Nina deni la maneno pale ndani. Tunakuja.”

Jumamosi ya tarehe 12 Agosti 2023 watu walijaa sebuleni. Mzee aliketishwa kwenye kiti chake. Cyprian akapiga magoti mbele yake. “Shikamoo, kaka. Nilikukosea kwa mdomo huu. Unanisamehe?”

“Hapana,” alisema Mzee, na mkono wa kushoto ukamshika Cyprian shingoni, ukamvuta karibu. Watu wakacheka na kulia kwa pamoja.

Wakaanza Baba Yetu, kwa kasi yao ya siku zote. Mzee akapiga mkono wa kiti, ko, ko, ko. Cyprian akaelewa, akapunguza mwendo, na wengine wakamfuata. Walipofika kwenye mkate wa kila siku, sauti nzito yenye lafudhi ya Kihaya ikasikika katikati yao, ikitamka kila neno. Watu walipigwa na butwaa, wakanyamaza wamsikilize. Palepale na yeye sauti ikamkatika. Akajaribu, midomo ikacheza, likatoka “hapana”. Mama Demetria akapaza sauti: “Msinyamaze! Jamani, msinyamaze, rudieni!” Wakarudia tangu mwanzo, naye akaibuka tena, akaenda nao hadi Amina.

Mtaalamu wa matamshi hospitalini alieleza kwamba jambo hilo hutokea: maneno aliyoyasema mtu pamoja na wengine kwa miaka mingi huweza kubaki hata maneno yake mwenyewe yakipotea. Alituonya tusitarajie mazungumzo, na kweli hayakurudi. Mzee hakuweza kuomba maji. Hakuweza kusali peke yake chumbani; Mama aliwahi kumkuta akijaribu, jasho likimtoka. Lakini wakikaa hata watu wawili wakaanza, aliitikia. Basi jumuiya ikapanga zamu mpya, wawili wawili kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwa mwendo wake. Kwa karibu miaka miwili hawakuiacha. Jumuiya za jirani zikatutania kwamba tunasali kama treni ya mizigo. Ndugu Cyprian alikuwa akiwajibu, “Pandeni. Ina nafasi.”

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 5 Juni 2025, hali yake ilibadilika. Wenye zamu walikuwa bado njiani. Mama Demetria alikaa kitandani, akamshika mkono na kuanza sala peke yake, polepole. Mzee akajiunga. Walikwenda pamoja hadi mahali pa kuomba msamaha, sauti yake ikapungua, ikawa pumzi, kisha haikusikika. Mama hakukatiza sala. Alijua kwamba akinyamaza yeye, mwenzake hana pa kushika. Akaendelea hadi Amina, akaanza tena tangu mwanzo, na walioingia mlangoni walimkuta hapo, wakapiga magoti na kuipokea sala bila kuuliza kitu. Walipomaliza mara ya tatu ndipo alipowaambia, “Ameondoka. Lakini nilimsikia.”

Mzee Theonest ameaga dunia akiwa na umri wa miaka 68. Ameacha mjane, Mwalimu Demetria, watoto wanne, Allen, Brightson, Editha na Koku, wajukuu tisa, dada wawili na kaka mmoja, na familia kumi na saba za jumuiya yake, ambazo hazikuzaliwa naye.

Pumzika kwa amani, Mzee wetu. Sie hatunyamazi.